Nilimwandikia Kihindi

Ilikuwa Jumapili asubuhi, ndo siku ya kwanza ya wiki huku Maskati, na mie nshakaa kwenye chumba cha mafunzo na rundo la fomu mbele yangu. Kampuni ilikuwa inataka kuchapisha maelekezo ya usalama, yale ya kupanda juu na kufunga mkanda, kwa lugha anayoielewa kila mfanyakazi, kwa hivyo kazi yangu ni kuuliza jina, namba, kwenu wapi, lugha ya mama, weka tiki, mwengine aje. Vibokisi vilikuwa vitano: Kiurdu, Kihindi, Kibengali, Kimalayalamu, Kinepali.

Akaja fundi nondo mmoja, kijana wa miaka thalathini hivi. Kwao Ganjam, jimbo la Odisha, mashariki ya India. Nikampigia tiki kwenye Kihindi kabla hata hajafungua mdomo, kwa sababu mie na yeye siku zote tunaongea Kihindi, hichi Kihindi chetu cha Maskati kilichochanganyika Kiurdu na Kiarabu kila mtu akachota chake.

Akaitazama fomu. Akatikisa kichwa.

"Kihindi sicho, madam. Odia."

Nikamwambia Odia haina kibokisi. Akasema anajua, kila pahala haina. Akaniomba kalamu, akaikata ile tiki yangu kwa mstari mmoja, tena kwa adabu kabisa kama mtu anayefuta vumbi kwenye kiti cha mgeni, akaandika pembeni:

ଓଡ଼ିଆ

Nilivoziangalia zile herufi niliona vikombe vya kahawa vilivyofunikwa kwenye sinia. Mviringo juu, mviringo pembeni, hakuna kona.

Alipoondoka nikafungua faili la fomu zote za nyuma. Watu kumi na tisa wa Odisha. Wote nimewaandikia Kihindi, kwa mkono wangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika.

Wiki tano sasa na jambo hili halijanitoka.

Neno gari

Nilianza na jina tu, maana hata jina nilikuwa silielewi. Kwenye vitabu vya zamani utakuta Oriya, na jimbo linaitwa Orissa. Mwaka 2011 India ikabadilisha rasmi, jimbo likawa Odisha na lugha ikawa Odia. Mie nikadhani ni mambo ya siasa, watu wanabadilisha jina kama wanavobadilisha majina ya mitaa.

Kumbe ni sauti.

Ile sauti ya katikati, ulimi unapinda nyuma unagonga paa la mdomo mara moja unaachia. Si d, si r, iko kati. Mwingereza aliisikia r akaandika Oriya, wenyewe wanaona d iko karibu zaidi. Na sisi Waswahili sauti hii ilishawahi kutufikia siku nyingi tu, kwenye neno gari. Neno hili limetoka India, na kwa Kiodia gari linaandikwa kwa herufi ile ile iliyo katikati ya jina Odia. Watu wetu walilisikia kwa masikio yao bandarini wakaliweka r, na likakaa. Nilimwambia fundi wa Ganjam "gari" kwa matamshi yetu, halafu nikamwomba aseme lake. Tukarudia mara tano sita, gari, gari, mpaka wenzake wakadhani tunagombania usafiri.

Jengine lililonishika ni mwisho wa maneno. Nyumba kwa Kihindi ni *ghar*, Kibengali *ghor*, lakini Mwodia anasema *ghara*, haiachi irabu ya mwisho idondoke. Wenzake wengi wa kaskazini walishaidondosha ile irabu ya kale iliyotoka kwenye Kisanskriti, yeye kaishikilia. Sasa mie nimelelewa na bibi ambaye neno likiishia na konsonanti lilikuwa linamkera mdomoni, lazima alifunge na irabu, iwe dawa iwe jina la daktari. Nikawa nasikia kile Kiodia cha mafundi wetu kule kwenye kambi jioni, sielewi kitu, lakini mwendo wake naujua.

Ni lugha ya ukoo mmoja na Kibengali na Kiassamu, hao ni ndugu wa tumbo moja. Na si lugha ya watu wachache wa kusahaulika kwenye fomu: sensa ya India ya 2011 iliwahesabu wenye lugha hii ya mama karibu milioni 37.5. Mafundi bomba wa Kendrapara, wilaya moja tu ya Odisha, peke yao wamejaa Ghuba nzima, ukifungua maji ya moto huku kuna uwezekano mkubwa bomba hilo limefungwa na Mwodia.

Jani la mvumo

Kuhusu zile herufi za mviringo. Inaelezwa kwamba sababu yake ni jani. Zamani walikuwa wanaandika kwenye majani ya miti ya jamii ya mvumo, yanakaushwa, yanakatwa vipande virefu, halafu mwandishi anachora kwa kalamu ya chuma yenye ncha, anakwaruza hasa, kisha anapaka masizi ili rangi iingie kwenye mikwaruzo. Sasa jani lina nyuzi zinazokwenda kwa urefu. Ukipiga mstari ulionyooka juu ya herufi kama wanavofanya kwenye Kihindi, unaufuata uzi na jani linapasuka. Ukizungusha, jani linabaki zima.

Mtu yeyote aliyewahi kuona ukindu ukichanwa kwa ajili ya mkeka anaelewa hapo bila kuambiwa mara ya pili.

Maandishi ya mawe yenye Kiodia yanarudi nyuma mpaka karne ya 11, kuna ya Urajam ya 1051. Karne ya 15 Sarala Das akaitunga Mahabharata, ule utenzi mkubwa wa kale wa India, nzima kwa Kiodia. Lakini anayenigusa mie ni Jagannath Das wa karne ya 16. Inasimuliwa kuwa mama yake alitaka kusikia Bhagavata, kitabu kitakatifu, na kipo kwa Kisanskriti ambacho yeye hakijui, basi mtoto akakaa akamtungia mama yake kwa lugha ya nyumbani, beti nyepesi, silabi tisa kila mstari. Wanazuoni wa Kisanskriti waliidharau. Lakini vijiji vikajenga vibanda maalumu vya kuisomea, *bhagabata tungi*, watu wanakusanyika usiku mmoja anasoma wengine wanasikiliza, na wengi walijifunza herufi pale pale, kwa sababu ya kitabu kile.

Mama hakijui. Sentensi fupi hiyo ndo iliyonifanya niendelee kusoma usiku ule mpaka simu ikazima.

"Si lugha ya kujitegemea"

Waingereza waliichukua Odisha 1803 na wakawa wanaitawala kutoka Calcutta, kwa watu wa Bengal waliokwishasoma kabla. Makarani Wabengali, walimu Wabengali, na ardhi ya mtu aliyechelewa kodi inanadiwa huko huko Calcutta, mbali, yeye hata habari hana.

Mwaka 1866 ikaja njaa, wenyewe wanaiita Na Anka. Mvua zilikuwa zimekatika mwaka wa nyuma, serikali ikaamini mchele upo wa kutosha, ilipokuja kushtuka msimu wa pepo mbaya ukawa umeshafunga pwani na meli haziwezi kushusha. Walikufa kiasi cha watu milioni moja, karibu mtu mmoja katika kila watatu.

Baada ya hapo serikali ikaanza kufungua skuli. Na skuli zikafunguka vitabu hakuna. Ndo hapo hoja ikaanza: kwa nini tuhangaike kuchapisha kwa Kiodia wakati vitabu vya Kibengali vipo, na hichi Kiodia si ni Kibengali cha mashamba tu? Mwaka 1870 mwalimu mmoja wa Balasore, Kantichandra Bhattacharya, akatoa kijitabu kizima kwamba Kiodia si lugha ya kujitegemea.

Nilisimama hapo muda mrefu. Watu wamezika theluthi ya jamii yao, hawajamaliza hata miaka mitano, halafu wanaambiwa na lugha pia hamna.

Na haikuwa ugomvi wa heshima peke yake. Lugha ya skuli ndo lugha ya mahakama, na lugha ya mahakama ndo inayoamua nani anapata ukarani na nani anaelewa hati ya shamba lake. Ukisema Kiodia si lugha umeshasema pia nani atashika kalamu.

Aliyesimama pale pale Balasore ni Fakir Mohan Senapati, aliyezaliwa 1843. Habari ya jina lake naiandika kwa sababu najua wengi wenu itawagusa. Wazazi walimfia mdogo, akalelewa na bibi yake, na alikuwa mgonjwa mgonjwa. Jina lake lilikuwa Braja Mohan. Bibi, mwanamke wa Kihindu, akaenda akaweka nadhiri kwa mapiri, yaani mawalii wa Kiislamu, kwamba mtoto akipona atawapa awe fakiri wao. Akapona. Bibi hakuweza kumtoa mzima mzima, basi akambadilisha jina, na kila mwaka Muharram ikifika mtoto anavishwa nguo za fakiri anapita kuomba nyumba kwa nyumba, na kinachopatikana kinakwenda kwa mapiri. Skuli hakusoma sana. 1868 yeye na wenzake wakachangishana wakaanzisha kiwanda cha uchapaji Balasore, maana kama hoja ni vitabu hakuna, basi vitabu vitakuwepo. Baadae akaandika riwaya juu ya shamba dogo la mfumaji lililoliwa na tajiri, kwa Kiodia cha watu wa kisimani na sokoni, kile hasa kilichoambiwa si lugha.

Alikuwepo pia mkuu wa wilaya Mwingereza, John Beames, aliyekuwa anaandika sarufi ya kulinganisha lugha za India, na Fakir Mohan akimsaidia. Beames akasema wazi kuwa Kiodia ni lugha yake yenyewe. Ilisaidia, sitaki kuificha. Lakini inaniuma kidogo kwamba ilihitajika mkubwa wa kizungu aseme ndo iwe.

Na jambo la kuliweka sawa, maana ni rahisi kuandika hapa kuwa Wabengali walikuwa wabaya basi. Mhariri wa Utkal Dipika, gazeti la Cuttack lililoitetea lugha tangu 1866, ni Gaurishankar Ray, mtu wa asili ya Kibengali. Radhanath Ray, mshairi mkubwa wa kizazi hicho, vile vile. Watu hawakugawanyika kwa damu kama unavodhani ukisoma haraka.

Vipande vitatu

Fundi wangu wa Ganjam (nasema wangu, tumeshazoeana) alinieleza mpaka kwa vidole juu ya meza. Kipande cha katikati kilikuwa chini ya Calcutta. Kipande cha kusini, Ganjam kwao, chini ya Madras, pamoja na watu wa Kitelugu. Kipande cha magharibi, Sambalpur, chini ya Majimbo ya Kati, na huko mwaka 1895 serikali iliagiza Kiodia kitolewe mahakamani na skuli kiwekwe Kihindi.

Kihindi.

Mtu wa Sambalpur anakwenda kwenye ofisi ya kwao, karani anaweka Kihindi, yamekwisha. Nilimwangalia fundi, yeye hakuniangalia, aliendelea na vidole vyake.

Sambalpur walipinga mpaka Kiodia kikarudishwa, na 1905 wakaunganishwa na wenzao. Tayari mwishoni mwa 1903 wakili Madhusudan Das alishawakutanisha watu wa vipande vyote Cuttack, wakaunda Utkal Sammilani, wakiomba kitu kimoja: wanaoongea Kiodia wakae pamoja. Ilichukua miaka thalathini na zaidi. Tarehe 1 Aprili 1936 likapatikana jimbo la Orissa, la kwanza India kuundwa kwa msingi wa lugha, na kila tarehe hiyo mpaka leo ni sikukuu kwao. Wapo waliobaki nje ya mpaka.

Wakati huo huo Gopal Chandra Praharaj alikuwa anachapisha kamusi yake, juzuu saba, kutoka 1931 mpaka 1940, na humo neno la Kiodia linaelezwa kwa Kiodia, halafu Kiingereza, Kihindi na Kibengali. Naipenda ile kamusi bila kuweza kuisoma. Wale wale waliosema haipo, kawawekea maana kwa lugha zao wenyewe.

Baada ya mazungumzo yale kijana akaacha kuniita madam. Akaniita *nani*. Nikashtuka nikaangalia nyuma yangu, nani tena? Akanambia kwao Ganjam ndo dada mkubwa.

Mtu wa Bargarh

Kwa hivyo nikafanya lile nililoona ni la haki. Nikaenda kwa mkubwa wangu, nikaeleza, nikapewa ruhusa, fomu ikaongezwa kibokisi cha sita: Kiodia. Nikawaita upya wale kumi na tisa. Nilikuwa na furaha siwezi kuificha, kila mmoja nampigia tiki mbele ya macho yake.

Wa kumi na moja ni mchomeleaji, mtu mzima, mkimya, kwao Bargarh, magharibi ya Odisha. Nikapiga tiki.

Akasema, "Sambalpuri."

Nikadhani ananitajia wilaya. Akarudia. Lugha ya mama, Sambalpuri. Fundi wa Ganjam alikuwa kasimama pale ananisaidia kuwaita watu, akadakia hapo hapo, bila ubaya wowote, kama mtu anayenirahisishia kazi: "Nani, hicho ni Kiodia tu. Kiodia cha mashamba."

Chumba kikawa kimya. Mchomeleaji akakunja mikono akaitazama sakafu.

Nilirudi nyumbani siku ile sikula vizuri. Nikatafuta. Na kweli, watu wa magharibi kule miaka mingi wanadai Sambalpuri, wengine wanaiita Kosali, itambuliwe kuwa lugha, iingie kwenye orodha ya lugha za katiba ya India, ile yenye lugha 22 ambayo Kiodia kimo tangu mwanzo. Sensa ya 2011 iliwahesabu wanaoitaja Sambalpuri wapatao milioni 2.6, lakini hesabu yao imewekwa ndani ya Kiodia. Wana mshairi wao Haldhar Nag, aliyeacha skuli darasa la tatu, anatunga kwa lugha hiyo ya kwao na 2016 akapewa nishani ya Padma Shri.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Sambalpur ndo iliyopigania Kiodia 1895. Gangadhar Meher, mmoja wa washairi wanaopendwa sana katika Kiodia, ni mtoto wa wafumaji wa Barpali, huko huko Bargarh. Lugha iliyokusanywa kwa tabu kutoka vipande vitatu, ukiikata tena kutabaki nini? Na 2014 ndo kwanza serikali ya India ilikitambua Kiodia kuwa miongoni mwa lugha zake za kale, ya sita kupewa hadhi hiyo. Namwelewa kabisa mtu anayeogopa kukata.

Halafu tena kuna Wasantali wa Mayurbhanj, ambao lugha yao haina hata ukoo na Kiodia. Raghunath Murmu aliwatengenezea herufi zao mwaka 1925, na Kisantali kimeingia kwenye orodha 2003. Sasa nani anapima? Nilikesha na swali hilo na kila nikishika upande mmoja namwona mtu amesimama upande wa pili ameikunja mikono.

Kikae

Bibi yangu ni mtu wa Makunduchi. Alikuwa anasema Kikae, Kimakunduchi cha asili, na mie mpaka nina miaka saba nilikuwa nakisema vizuri tu. Skuli mwalimu akanikata neno kwenye insha kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni "andika Kiswahili". Sina kinyongo na yeye, alikuwa anafundisha alichofundishwa. Tangu kamati ya lugha ya 1930 Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja cha mjini, na mwalimu kazi yake ni usanifu.

Ninachokibeba mie ni chengine. Siku moja wamekuja wageni kutoka mjini, bibi anawakaribisha, anazungumza kwa raha zake, na mie nikamkatiza mbele yao. Nikamsahihisha neno. Nilikuwa na miaka kumi. Wageni wakacheka, wakasema mtoto huyu kasoma.

Bibi akanyamaza. Aliendelea kumimina chai lakini mazungumzo akaniachia mie.

Sijui Kikae ni lugha au ni lahaja, na kwa kweli wiki hizi tano neno lahaja limeanza kunipa uzito mdomoni, ingawa wataalamu wanalitumia bila dharau na mie mwenyewe nalihitaji. Ninachojua ni kwamba aliyeniambia niandike Kiswahili alikuwa ananipa kitu kikubwa, kitu ambacho leo kinanifanya nisomwe Mombasa na Bukavu na Maskati. Na alichokikata hakijarudi. Nikijaribu Kikae sasa hivi kinatoka vipande vipande.

Yule kijana wa Ganjam hakukosea kwa ubaya. Alisema nililolisema mie nikiwa na miaka kumi.

Mstari mtupu

Nimeviondoa vibokisi vyote. Sasa kwenye fomu kuna "lugha ya mama" halafu mstari mtupu, mtu aandike mwenyewe kwa herufi anazozijua. Ofisi wamelalamika kwamba haihesabiki, watafanyaje kwenye kompyuta, nimewaambia nitaihesabu mie kwa mkono. Maelekezo ya usalama yatachapishwa kwa Kiodia pia, hilo limepita. Kwa Sambalpuri sijui bado, nimeuliza.

Jana nikamwita mchomeleaji wa Bargarh tena. Nikampa fomu na kalamu, nikatazama pembeni ili asione namsimamia. Akaandika taratibu, mkono mzito wa mtu aliyeshika chuma siku nzima, vikombe vile vile vilivyofunikwa, kwa sababu Sambalpuri nayo inaandikwa kwa herufi hizo hizo za Kiodia. Akanirudishia akaondoka.

Mie sizijui kusoma. Nikamwonesha kijana wa Ganjam, nikamuuliza kaandika nini.

Akaishika fomu kwa mikono miwili. Akaisoma, naona midomo inacheza, halafu akaitazama tena kama mtu aliyepokea barua.

"Nani," akasema, "kaandika Sambalpuri."